Mdudu wa kwenye mubilizi: apewe jina sasa au tusubiri madume?

Kuna dogo mtaani kwetu Nyegezi, Mwanza, anasoma mambo ya wadudu, juzi kakamata vidudu vinne kwenye uzio wa mubilizi (ule mti mchungu wa dawa) wa mama jirani, vya kijani, vidogo kuliko punje ya mtama, ukigeuza jani tu vinaruka. Anasema ni spishi mpya na anataka aandike pepa fasta kabla hajawahiwa. Jamaa ana pointi, mubilizi watu wanachemsha kila siku kwa homa na tumbo, siku mti ukishambuliwa utaenda kwa bwana shamba umwambie nini, "kale ka kijani kanakoruka"? Asiye na jina hata kumuulizia huwezi.

Ila shida ni hao wanne wenyewe, wote majike! Vidudu vya ukoo huo mara nyingi vinatofautishwa kwa viungo vya uzazi vya dume, unampasua unamweka kwenye hadubini, rangi ya nje inadanganya sana. Halafu kumkuta kwenye mti siyo kwamba anaula. Wale wadudu wa ziwani wakija kama moshi si wanatua mpaka kwenye sufuria ya mboga, nani kasema wanakula sufuria? Inabidi uone watoto wake wasio na mabawa wananyonya pale pale na wanakua.

Na tukumbuke ya muhogo jamani. Yule mdudu mweupe kama kamwagiwa unga alianza kutusumbua Afrika miaka ya 70, akapewa jina 1977, Phenacoccus manihoti. Wataalamu wakaenda Amerika Kusini kusaka adui zake, wakaleta adui wa mdudu mwingine anayefanana naye, walipofika huku adui hao wakamkataa huyu wetu wa muhogo. Mpaka 1981 ndo mwenyewe akapatikana Paraguay, pamoja na nyigu mdogo anayetaga ndani yake, huyo ndo aliyeokoa mihogo. Wa haraka atasema unaona, jina lina kazi, mimi naona kufananisha kwa macho kulikula miaka.

Kwa hiyo nilimwambia dogo asubiri mvua, atafute madume. Sasa jana mama kasema uzio unang'olewa mwezi ujao anajenga fremu za biashara, na hapo hata mimi nikakosa la kusema. Vidudu viko kwenye chupa ya spiriti, ndani ya friji yao, pembeni ya sato.