Katharine Jefferts Schori na mkutano wa Jangwani Beach: tatizo lilikuwa jinsia au mafundisho?

Tangu Oktoba 3, 2025, Sarah Mullally alipotangazwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kiti cha heshima ya kwanza kati ya Waanglikana duniani, na mwanamke wa kwanza kukikalia, wapo wanaolizungumzia suala la askofu mwanamke kana kwamba limezuka juzi huko Uingereza. Dar es Salaam ililishuhudia mapema. Februari 2007 maaskofu wakuu wa Anglikana kutoka duniani kote walikutana hapa hapa, Hoteli ya White Sands, Jangwani Beach. Kati yao alikuwemo mwanamke mmoja, Katharine Jefferts Schori wa Marekani. Kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kuketi katika kikao hicho kama mkuu wa kanisa lake.

Mama huyu alianza maisha yake ya kazi baharini. Alizaliwa mwaka 1954, akasoma biolojia Stanford, kisha akachukua shahada ya uzamivu katika sayansi ya bahari mwaka 1983. Utafiti wake ulihusu ngisi, pweza na jamaa zao wa kaskazini mashariki mwa Pasifiki: viumbe wale wale ambao pale soko la samaki la Feri wanapigiwa mnada asubuhi, na jioni wanauzwa barabarani kama supu, pamoja na ahadi za nguvu ambazo sidhani kama tasnifu yake ilizigusa. Alikuwa pia na leseni ya urubani. Alipata ukasisi mwaka 1994, akawa Askofu wa Nevada mwaka 2001, na Juni 2006 akachaguliwa kuwa Askofu Kiongozi wa Kanisa la Episkopo, yaani Waanglikana wa Marekani, cheo ambacho kwetu ni sawa na Askofu Mkuu.

Hesabu hiyo ni miaka 12 kutoka ukasisi hadi kilele. Waliosema bado alikuwa mchanga hawakuwa wakimwonea. Nevada ni dayosisi ndogo kwa idadi ya waumini, na kanisa alilokabidhiwa lilikuwa tayari linawaka moto.

Moto wenyewe uliwashwa mwaka 2003, dayosisi ya New Hampshire, Marekani, ilipomweka wakfu Gene Robinson, askofu aliyekuwa akiishi waziwazi na mwenzi wa jinsia yake. Jefferts Schori, akiwa Nevada, aliunga mkono kuthibitishwa kwake. Ndiyo maana Desemba 2006, kabla hata hajatua hapa, maaskofu wa Tanzania walikuwa wametamka kwamba ushirika wao na kanisa hilo umeharibika vibaya. Mkutano ulipoanza, maaskofu wakuu saba, wakiwemo wa Nigeria, Kenya, Uganda na Rwanda, walikataa kushiriki Meza ya Bwana pamoja naye.

Tukio hilo husimuliwa kwa namna mbili, na zote mbili mimi naziona zina kasoro.

Watetezi wake husema wanaume wa Afrika walimkataa mwanamke. Lakini Uganda ilikuwa na makasisi wanawake tangu 1983, na Kenya na Rwanda nazo zilikuwa nao. Maaskofu wakuu wa nchi hizo wasingeweza kudai kwamba mwanamke hafai kusimama madhabahuni, kwa sababu nyumbani kwao alikuwa anasimama. Walichokataa ni mafundisho ya kanisa aliloliongoza, na walisema hivyo wazi. Kuwaita watu wa mfumo dume na kuishia hapo ni kukwepa hoja yao.

Upande wa pili ndio ninaousikia zaidi hapa mjini: "Mmeona? Ukishampa mwanamke uaskofu, yanafuata hayo." Tatizo ni kalenda. Robinson aliwekwa wakfu chini ya Askofu Kiongozi Frank Griswold, mwanamume, miaka mitatu kabla Jefferts Schori hajachaguliwa. Maaskofu waliopiga kura kumpitisha Robinson wengi wao walikuwa wanaume. Na Kanisa la Kenya, ambalo halijawahi kulegeza msimamo wake kuhusu ndoa, mwaka 2021 lilimweka Rose Okeno kuwa Askofu wa Butere. Afrika ilikuwa imeshapata askofu Mwanglikana mwanamke tangu 2012, Ellinah Wamukoya wa Swaziland, aliyetokea kwenye utawala wa jiji la Manzini. Mambo haya mawili, uaskofu wa mwanamke na suala la ndoa, yanaweza kutenganishwa, na yametenganishwa.

Hata hivyo, ipo hoja dhidi ya askofu mwanamke isiyotegemea kabisa suala la ndoa, na ndiyo nzito kuliko zote. Ni ya Waanglikana wenye urithi wa UMCA, wamisionari waliojenga kanisa Zanzibar, Tanga na Masasi, watu wa ubani na ungamo. Kwao askofu ni kiungo katika mnyororo unaorudi hadi kwa mitume. Kukiwa na shaka juu ya askofu, shaka hiyo inamfuata kila kasisi aliyemwekea mikono, na kila Ekaristi anayoiadhimisha kasisi huyo. Huwezi kumjibu mtu wa imani hiyo kwa kumwonyesha vyeti vya Stanford. Mkutano wa Lambeth wa 1988, mwaka mmoja kabla Barbara Harris hajawa askofu wa kwanza mwanamke katika Anglikana, ulitaka kila jimbo, yaani kanisa la nchi au eneo fulani, liheshimu uamuzi wa jimbo jingine. Uliomba adabu, na hoja ya mnyororo ukaiacha pale pale.

Kama nitampima Jefferts Schori mwenyewe, simpimi kwa jinsia yake. Nampima kwa kesi. Maaskofu wakuu walipomaliza kikao Jangwani Beach, pamoja na kuwapa maaskofu wa Marekani hadi Septemba 30, 2007 kujieleza, walizisihi pande zote zisimamishe kesi za mali za kanisa. Hazikusimama. Dayosisi kadhaa zilijitenga, zikiwemo San Joaquin, Pittsburgh na Fort Worth, na kanisa lake likatumia mamilioni ya dola mahakamani kugombania majengo. Anayejua kazi ya bodi ya wadhamini atamwelewa: mali ya kanisa si ya waumini wa leo peke yao, na kiongozi akiiachia ataulizwa. Lakini kuombwa na wenzako, uso kwa uso, kisha mambo yakaendelea vile vile hadi anaondoka madarakani mwaka 2015, hilo naliona doa.

Sasa ni zamu ya Mullally. Siku ile ile alipotangazwa, Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda, mwenyekiti wa Gafcon, umoja wa Waanglikana wahafidhina, alimpinga kwa sababu mbili katika tamko moja: uaskofu wa mwanamke na msimamo wa Mullally kuhusu ndoa. Yale yaliyotenganishwa mwaka 2007 yamefungwa tena pamoja, na hilo linawaweka Wakenya, wenye Askofu Okeno, mahali pagumu.

Kwetu Tanzania zipo dayosisi zenye makasisi wanawake na zipo zisizo nao, na jimbo limeishi hivyo bila kupasuka. Uaskofu hautaruhusu mpango huo. Kasisi huhudumu ndani ya dayosisi yake, lakini askofu huwekewa mikono na maaskofu wa dayosisi nyingine na kuingia katika nyumba moja nao. Siku sinodi moja ya bara itakapomchagua mwanamke, swali litawaendea maaskofu wa pwani, wale wa urithi wa UMCA, na hawataweza kulijibu kwa kusema hayo ni mambo ya dayosisi ya wenyewe.