Lumbesa na kwenda mbele za Mungu

Tukisema mtu anakwenda mbele za Mungu, wengi tunamfikiria kwenye mkesha, kwenye mfungo, kwenye zaka. Nami nayapenda hayo yote. Ila nikisoma Maandiko naona mtu anapimwa zaidi kwenye kununua na kuuza.

Ibrahimu alikuwa na miaka 99 Bwana alipomwambia, "Uende mbele yangu, ukawe mkamilifu" (Mwanzo 17:1). Fungua sura ya 23. Sara amefariki, mumewe anatafuta mahali pa kumzika. Efroni Mhiti anataja shekeli 400 za fedha kwa shamba lenye pango la Makpela, na mfiwa huyo anampimia zote mbele ya watu, kwa fedha inayokubalika kwa wafanyabiashara. Katika sura hiyo hakuna madhabahu wala sauti kutoka mbinguni. Kuna mzee na mizani yake, na mimi naiona ile amri ikitimizwa pale pale.

Sasa twende Njombe au Mbeya, msimu wa viazi. Sheria yetu ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mnunuzi anakuja na gunia, analijaza, kisha anaongeza kipande cha gunia jingine juu na kukishona kwa kamba mpaka linakuwa na kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima analipwa bei ya gunia moja, na kile kilemba kimekwenda bure. Viazi vile vile vikifika mjini vinauzwa kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, na sado nyingine zimebonyezwa kitako ili zibebe pungufu.

Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza jambo hili hasa: kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Kubwa la kununulia, dogo la kuuzia. Mama mwenye shamba anaumizwa na la kwanza, mama ntilie na la pili, na huenda wao na mfanyabiashara mwenye mawe hayo, wote watatu, wanasali ibada moja Jumapili.

Mika 6:8 tunaipenda sana, ile ya kutenda haki, kupenda rehema na kwenda kwa unyenyekevu na Mungu. Hatuendelei kusoma. Mistari mitatu tu mbele, Bwana anauliza kama anaweza kumhesabu safi mtu mwenye mizani ya udhalimu na mfuko wa mawe ya udanganyifu. Nimesikia mahubiri mengi ya mstari wa 8. Ya mstari wa 11 sijayasikia, na hilo linaniuma, maana wanunuzi wa mazao wamo makanisani mwetu na tunawaombea safari njema.

Najua watakachosema: ukinunua kwa kilo peke yako, wenzako watakumaliza. Ushindani ni mkali kweli. Lakini Kumbukumbu 25:15 haikusubiri soko lote litubu. Inamwambia mtu mmoja awe na jiwe timilifu la haki, na inaambatanisha ahadi ya siku nyingi katika nchi. Wachungaji wa mikoa ya viazi, tuhubirini hilo kabla magari hayajaanza kupakia.