Ngamia wa Bure

Mimi ni mzaliwa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, na tangu utotoni nimewatazama papasi wakimnasa mgeni pale bandarini kabla miguu yake haijazoea nchi kavu, wakimbebea begi asilotaka libebwe na kumpeleka hoteli asiyoiulizia. Kwa uzoefu huo wa miaka 40, nilipopelekwa Cairo kwa semina ya wiki moja niliamini kwamba papasi wa kunipata mimi hajazaliwa. Kijana wa mapokezi hotelini alinishauri niungane na wenzangu wa semina, ambao walikuwa wamechangishana kumkodi mwongoza watalii mwenye leseni ya serikali. Nilimshukuru kwa adabu, nikamjibu kwamba fedha ya kuchezea sina, na kwamba piramidi ya Khufu, iliyosimama palepale kwa zaidi ya miaka 4,500, haihitaji mtu wa kunionyesha ilipo.

Nikachukua teksi mpaka Giza, jina ambalo kwa Mswahili lilitosha kuwa onyo.

Sijamaliza hatua ishirini tangu nikate tiketi, bwana mmoja mwenye kanzu ya kijivu alinisimamisha, akaniinulia kwa sekunde moja kadi yenye picha yake iliyoning'inia shingoni, akaniita habibi. Ndani ya dakika kumi aliniita habibi mara tisa, neno ambalo mke wangu ana miaka mingi hajalitumia kwangu. Nilipomwambia natoka Zanzibar alijishika kifua, akasema ngamia wake naye anaitwa Zanzibar. (Baadaye nilimsikia akimhakikishia Mjerumani mmoja kwamba ngamia yuleyule anaitwa Berlin.) Nikauliza bei, naye akaonekana kuumia kweli: baina ya ndugu hakuna bei, nipande tu, bure.

Nikapanda. Asiyewahi kumpanda ngamia huenda hajui kwamba mnyama huyu huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza, hivyo ghafla nilijikuta nautazama mchanga, kofia yangu ikiwa imekwisha kutangulia, nikapiga ukelele: "Hatari!" Neno hilo tumelipata kwa Waarabu wenyewe, kwa hiyo alinielewa barabara, akanijibu kwa utulivu kwamba khatar hakuna.

Tulizunguka karibu nusu saa. Tulipofika mbele ya Sphinx, aliapa kwamba pua ya sanamu ile ilivunjwa na mizinga ya Napoleon. Jambo hilo nilikuwa nimelisoma usiku uliotangulia, basi nikamweleza kutoka huko juu kwamba Norden, msafiri wa Denmark, aliichora sanamu hiyo mwaka 1737 ikiwa tayari haina pua, ilhali Napoleon alizaliwa mwaka 1769. Alifikiri kidogo, akasema kwamba basi huenda alikuwa baba yake.

Nikaomba kushuka, na hapo ndipo nilipofahamishwa kwamba kilichokuwa bure ni kupanda, ama kushuka ni pauni 1,500. Wazee walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, lakini mchongoma angalau hauna mwenyewe anayesimama chini akikudai. Nikalalamika, "Ghali! Ghali!" Naye akanijibu, "Rakhis!" Tukawa tunaelewana vizuri sana bila kupatana. Nilifikiria kuruka, nikatazama chini, nikakumbuka kwamba magoti yangu ni ya mhasibu.

Nilipoinama kumbembeleza, macho yangu yakatua kwenye ile kadi. Miaka sita ya chuoni kwa maalimu haikupotea, nikaanza kuziendeleza herufi kama mtoto wa alifu kwa kijiti: nuni, alifu, dali, ye. Nadi. Kwetu kunadi ni kutangaza bidhaa, jambo lililoelekea kufaa, lakini neno lililofuata lilikuwa riyadi, na riadha kila Mswahili anaijua. Bwana huyu alikuwa amenionyesha kadi ya uanachama wa klabu ya michezo, na hata hiyo muda wake ulikuwa umekwisha.

Ndipo lilipopita kundi la wenzangu wa semina, nyuma ya mwanamama mfupi mwenye mwavuli wa buluu. Mwenzetu wa Bujumbura aliinua kichwa. "Mzee, huko juu unafanya nini?" Nikamjibu kwamba natazama mandhari. Mwanamama yule alimwambia mwenye ngamia sentensi mbili ambazo sikuambulia hata neno, na kabla hajamaliza ya pili ngamia alikuwa amepiga magoti, ya mbele kwanza, nami nikautazama mchanga kwa mara nyingine. Pauni 300 nililipa hata hivyo, na mchango wa ziara nikatozwa kamili, ingawa kilichobaki kilikuwa robo yake, nayo ilihusu pua ya Sphinx.

Usiku nilimpigia simu mke wangu, nikamwita habibi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza nimeibiwa kiasi gani.