Shangazi kwa Treni, Mbuzi kwa Basi

Nyumbani kwetu Changamwe kuna vyama viwili, na wala havihusiani na uchaguzi. Chama cha basi kinaongozwa na Mjomba, aliyeendesha mabasi ya masafa marefu mpaka macho yakagoma. Chama cha treni kiko chini ya mke wangu, ambaye tangu SGR, reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, izinduliwe Mei 2017 hataki kusikia habari ya kwenda Nairobi kwa kitu chenye usukani. Mimi sina chama. Kazi yangu ni kupokea wageni uwanja wa ndege na kubeba masanduku.

Mgeni wa safari hii alikuwa Shangazi, kutoka Unguja. Binti wa ami yangu alikuwa anaolewa Nairobi, South C, na Shangazi akaona aruke mpaka Mombasa, atuone japo kwa jicho, kisha aendelee kwa nchi kavu. Tiketi ya ndege ya moja kwa moja hadi Nairobi, alisema, ilikuwa mahari nyingine.

"Sasa nikishuka hapo kwenye ndege," akauliza, "nipande nini?"

Swali hilo aliliuliza simu ikiwa kwenye spika, Mjomba na mke wangu wote wako sebuleni. Chai ilipoa palepale.

Mjomba akaanza. Basi linakuchukua mjini, Mwembe Tayari, na linakushusha mjini. Treni inakuchukua Miritini na kukuacha Syokimau, ukashike treni nyingine ndogo au teksi ndipo uione Nairobi yenyewe. Ukilikosa basi hili, nyuma yake kuna jingine. Ukiikosa treni ya saa tisa alasiri, ukae mpaka ya saa nne usiku. Halafu basi lina Mtito Andei! Mtu anashuka, ananyoosha miguu, anakunywa chai ya moto. "Safari bila Mtito," alisema, "ni kuhamishwa tu."

Mke wangu hakupandisha sauti. Treni ni masaa kama matano. Basi, ukijumlisha malori ya Mariakani, ni manane mpaka kumi. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, na mwezi wa Desemba, nauli za basi zinapopaa, ya treni inabaki hapo hapo. Tena uwanja wa ndege uko huku bara, Port Reitz, na kituo cha treni kiko huku huku bara. Kwa nini mama wa watu avuke Makupa kuingia kisiwani, aketi ofisi ya basi, kisha avuke Makupa ile ile kutoka?

"Na choo kimo ndani," akamalizia.

Shangazi ana umri wa kuheshimika na dawa za presha zinazomwamsha usiku. Choo ndani kikapitisha hoja. Mjomba akachukua kofia yake akaenda msikitini mapema kuliko kawaida.

Watu wakibishana basi na treni hubishana nauli na saa, ndivyo ilivyo kila mahali. Swali ambalo hakuna aliyemuuliza Shangazi, wala vyama vyote viwili havikulikumbuka, ni: umebeba nini?

Alitua Jumamosi adhuhuri, mwezi wa saba, na mimi nikaenda kumpokea na kikoi na ndara zangu, kwa sababu kutoka kwangu mpaka uwanja wa ndege ni pua na mdomo. Alikuwa na sanduku moja, mkeka uliokunjwa, kikapu cha ukili kinachonukia ng'onda, samaki wa kukaushwa, na kitu kilichoviringishwa kwenye khanga ambacho hakutaka nikiguse.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Stesheni ni ile ile?"

Kichwani mwake stesheni ilikuwa bado ile ya zamani, kisiwani, ya treni iliyoondoka jioni na mtu akatandikiwa kitanda, akaletewa chakula kwenye sahani ya udongo, akafika Nairobi kesho yake, saa ambayo Mungu mwenyewe alipenda. Nilipompeleka Miritini na akaliona lile jengo la viduara, aliniuliza kama tumerudi uwanja wa ndege.

Kabla hujaingia kituoni mizigo yote hupangwa chini kwa mstari, wenyewe mnasogea nyuma, mbwa anapitishwa kunusa. Shangazi alimwona mbwa, akaliona sanduku lake lenye nguo za kuswalia, akavuta pumzi. "Ataramba?" akauliza. Nikamwambia hatarambi. Mbwa alipita masanduku ya watu harakaharaka kama karani wa serikali siku ya Ijumaa, mpaka alipofika kwenye kile kikapu cha ng'onda. Hapo akasimama. Akakaa kitako. Msimamizi wake akainama, akafungua kifuniko, akakifunga upesi, akageuza uso. Mbwa alivutwa kwa kamba na bado shingo ilikuwa imegeukia nyuma.

Nikajua yamekwisha. Kumbe bado mashine.

Kitu cha kwenye khanga kilipita kwenye mashine, kikarudishwa, kikapitishwa tena. Askari kijana, mpole kabisa, akaomba kifunguliwe. Ndipo na mimi nikakiona: mbuzi ya kukunia nazi, mpya, ya mninga, imechongwa maua pembeni, na kile chuma chake cha mbele kina meno yanayong'aa, hayajawahi kuonja nazi. Zawadi ya bibi harusi.

"Mama, hii ni silaha?"

"Hiki ni kiti," akasema Shangazi.

"Na haya meno?"

"Ya kukunia nazi. Kwenu hamli wali?"

Kijana akasema kwao wanakula, ila nazi haiingii. Shangazi akamhurumia. Akaikunjua mbuzi katikati ya kituo, akalikusanya buibui lake, akakaa, akabana mguu, akashika nazi isiyokuwepo kwa mikono miwili na kuanza kuikuna hewa: zungusha, vuta, zungusha, vuta. Foleni nzima ikasimama kutazama. Simu zikatolewa. Mzungu mmoja akapiga makofi.

Askari akamshukuru kwa somo, lakini chuma chenye meno hakipandi treni. Shangazi akamwambia ametoka nayo Unguja kwa ndege, na ndege iko juu zaidi kuliko treni. Hapo yule kijana alieleza jambo ambalo, nikilifikiria, lina akili: kwenye ndege ilikaa tumboni, mbali na watu, kwenye treni kila mzigo unakaa na mwenyewe, juu ya kichwa chake, na juu ya kichwa cha jirani. Akapendekeza chuma king'olewe.

"Kiking'olewa," Shangazi akajibu, "nampelekea bibi harusi kigoda?"

Saa nane na nusu ilishapita. Nikasema nitairudisha nyumbani. Akanitazama vile ambavyo marehemu baba alikuwa akitutazama tukivunja kitu. Vitu vya harusi havirudi nyuma, havitumwi kama kifurushi, wala havipewi mtu wa barabarani.

"Nenda nayo," akasema.

"Wapi, Shangazi?"

"Kwani harusi iko wapi?"

Akachukua kikapu chake cha ng'onda, ambacho hakuna sheria iliyokizuia, akaingia ndani.

Nilimpigia Mjomba. Sijawahi kumsikia mtu akifurahi vile. Alifika Miritini kwa bodaboda, akanyakua funguo za gari langu, akapiga simu tatu, akanitangazia kwamba basi liko njiani kutoka mjini, dereva alikuwa utingo wake, litanichukua hapo hapo barabarani, dakika kumi tu. Nikataka nikabadilishe nguo. "Utalikosa," akasema.

Dakika kumi za basi zilinikuta pale barabarani mpaka vumbi la malori likanibadilisha rangi. Simu ikalia. Shangazi, kutoka Tsavo. Kaona tembo! Wekundu wote kwa udongo, wanapita chini ya reli kwenye njia waliyochimbiwa, na wengine wamesimama kutazama treni. Kuna kiyoyozi, kuna choo, kijana kapita na kikokoteni cha chai. "Na wewe umefika wapi?" Nikamwambia bado niko Miritini. Akasema nisicheze njiani.

Basi lilikuja magharibi inaingia. Utingo hakukubali mbuzi iingie buti bila kufungwa vizuri, isije ikatoboa magodoro ya watu, kwa hiyo nikapakata. Shangazi aliniarifu ameshuka Syokimau saa mbili na kitu; mimi wakati huo nilikuwa nahesabu makontena, maana lori likipanda mlima wote mnapanda nalo kwa mwendo wake. Jirani yangu, mama wa Mtwapa aliyekuwa na gunia la nazi chini ya basi na mfuko wa nyingine miguuni, aliangalia mzigo wangu kwa jicho la kitaalamu akasema, "Mninga?" Nikasema ndiyo. Akaniheshimu kuanzia hapo, heshima ambayo haikudumu.

Tumeipita Voi, giza tupu, kizuizi. Wote tushuke na vitambulisho. Tochi ikanipita, ikarudi. Ilichokiona ni mwanamume wa kikoi na ndara, anatetemeka, kakumbatia khanga, na khanga imechanika upande mmoja, chuma chenye meno kinachungulia.

"Hiyo ni nini?"

"Mbuzi, afande."

"Ya nani?"

"Ya Shangazi. Ametangulia na treni."

Nilisikia mwenyewe jinsi lilivyosikika. Askari akaniambia nisogee kando, niifungue, nioneshe kazi yake. Nikaanza kukuna hewa alivyofanya Shangazi, lakini yeye alikuwa na sura ya mtu anayejua. Ndipo yule mama wa Mtwapa, Mungu amlipe au amsamehe, akatoa nazi kwenye mfuko wake, akaipasua kwa jiwe, akanywa maji, akanipa nusu.

Sasa nikiri hadharani kwamba nyumbani kwetu nazi hukuniwa sokoni, kwa mashine, inaletwa kwenye mfuko. Nilikaa. Kikoi na mbuzi havipatani. Nikashika nusu ile, nikaibandika kwenye meno, nikasukuma. Ikaruka mpaka kwenye buti la askari.

"Zungusha!" wanawake wa basi zima wakapiga kelele. "Bana mguu! Usikwangue mpaka kifuu, tui litakuwa jeusi!" Mtu akaniwekea kifuniko cha bakuli chini ya chuma. Taa za basi zilinimulika usoni. Chembe nyeupe zikaanza kuanguka, kwanza vipande vikubwa, baadaye laini kidogo, na mama wa Mtwapa akauliza kwa sauti kama mimi nimeoa kweli. Askari wa tochi akachukua punje kidogo, akatafuna, akachukua nyingine.

Kulikuwa na askari wa pili, mtu mzima, ambaye muda wote alisimama gizani hasemi kitu. Akaja mbele anafuta machozi ya kicheko. "Mimi ni wa Malindi," akasema. "Nilijua tangu mwanzo. Nilitaka nione kama mwanamume atakaa."

Mtito Andei nilikunywa chai nne. Chai ile, Mjomba hakudanganya.

Nairobi ilinipokea alfajiri na baridi ya Julai ikaingia kikoi kwa chini. South C nilifika meno yangu yakigongana kuliko ya mbuzi, Ami akanifunika koti lake la suti, wakanipa uji. Shangazi alikuwa amelala, ameamka, ameswali, ameoga. Akaipokea khanga kwa mikono miwili. Akaifungua. Akaikunjua mbuzi, akapitisha kidole kwenye meno ya chuma, taratibu, kisha akakileta kidole karibu na macho. Palikuwa na chembe nyeupe. Akainusa.

"Nani kaikunia?"

Nikamweleza yote. Alirudia polepole, akikunja kidole kwa kila kosa: zawadi ya bibi harusi; imekuniwa; barabarani; na mwanamume; mbele ya askari.

Bibi harusi akapewa mkeka na ng'onda. Jumatatu asubuhi Shangazi akaniagiza nimkatie tiketi ya treni ya kurudi, kiti cha dirishani, upande wa tembo. Nikauliza kama nikate mbili.

"Wewe una mzigo," akasema, akanisukumia khanga.