Paka wa mbegu na tabia zake: sifa inabeba kiasi gani?

Mwishoni mwa miaka ya 1970, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke huko Kilifi, Jeni Slater alikuta shambani kwake paka wenye mabaka kama ganda la mti. Wagiriama walikuwa wakiwajua siku nyingi na kuwaita kadzonzo. Katika miaka ya 1980 baadhi yao wakapelekwa Denmark, wakazalishwa, wakapewa jina la Sokoke. Jina likaja na tabia: eti ni wachangamfu, wanapenda kuongea na humganda mtu wao. Vinasaba vinawaweka jirani na paka wa mitaani wa Lamu. Ila paka wa Lamu akijisugua miguuni mwa mvuvi akingoja vichwa vya samaki, hakuna anayesema ndivyo mbegu yake ilivyo. Huyo anaitwa paka tu.

Anayenunua paka wa mbegu hununua sura pamoja na ahadi. Siamese ataongea kutwa. Wa Kiajemi hatabanduka kwenye kochi. Bengal hatatulia. Ragdoll utambeba naye atalegea mikononi kama mwanasesere wa kitambaa. Je, ahadi hizi zinatimia?

Kuna ushahidi mzito wa kusema ndiyo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Hannes Lohi akiwa miongoni mwao, walichapisha uchambuzi wa tabia za paka 5,726, na mbegu zikatofautiana kweli kwa uchangamfu, haya, ukali na hamu ya kuwa karibu na watu. British Shorthair ndiye aliyeonekana kutoutafuta sana mkono wa binadamu. Mwaka 2021 wakarudi na paka zaidi ya 4,300: Bengal akaongoza kwa kurukaruka, wa Kiajemi akawa mkiani, Russian Blue akawa mwoga kuliko wote na Abyssinian jasiri kuliko wote. Habari ya Bengal haishangazi hata kidogo, maana alipatikana kwa kumchanganya paka wa nyumbani na paka chui wa Asia, na damu ya porini haiko vizazi vingi nyuma yake.

Wanaopinga hujibu kwamba wenye paka ndio waliojaza madodoso, nao walikwishaambiwa paka wao ana tabia gani kabla hata ya kumleta nyumbani. Bengal akiparura, ni upori wake. Wa Kiajemi akiparura vilevile, leo kaamka vibaya. Hoja hii ni ya kweli, ila naona haimalizi yote. Wenye Turkish Van walieleza kwamba paka wao ni wakali kwa watu kuliko wengine. Mtu anayempenda paka wake angetarajiwa kulificha jambo hilo.

Panaponigusa zaidi ni kwenye urithi. Utafiti wa 2019 ulikadiria kwamba katika Maine Coon, Ragdoll na Turkish Van, kiasi cha asilimia 40 hadi 53 ya tofauti za tabia hutokana na kurithi. Wauzaji wakiisikia takwimu hii hufurahi. Lakini tofauti zilizopimwa ni za paka wa mbegu moja: Ragdoll huyu na Ragdoll yule. Kama Ragdoll wote wangekuwa sawa, pasingekuwa na cha kupima. Na sehemu iliyobaki, karibu nusu au zaidi, inatoka kwingine kabisa.

Mtafiti wa tabia za paka, Sandra McCune, alionyesha mwaka 1995 kwingine huko ni wapi. Watoto wa paka walioshikwashikwa na watu tangu wiki ya 2 hadi ya 12 walikua wakiwakaribia watu bila woga. Waliozaliwa na baba mpole nao walikuwa wajasiri zaidi, ingawa baba paka halei watoto. Damu ina nguvu, basi, lakini ni damu ya wazazi wale wawili, wawe na jina la mbegu au wasiwe nalo.

Tukumbuke pia kwamba maonyesho makubwa ya kwanza ya paka, yale ya Crystal Palace jijini London mwaka 1871, yalifungua desturi ya kuwashindanisha kwa manyoya, kichwa na macho. Mbwa alichaguliwa kwa kazi: kuchunga, kuwinda, kulinda. Paka alichaguliwa hasa kwa sura, na tabia ikafuata nyuma. Pengo hilo likajazwa na hadithi. Ann Baker, aliyeanzisha Ragdoll huko California katika miaka ya 1960, alidai ulegevu wao ulianza baada ya mama yao, Josephine, kugongwa na gari. Ajali hairithishwi namna hiyo. Kibaya zaidi, ilienezwa kwamba paka hawa hawasikii maumivu. Hadithi hiyo inaumiza, kwa sababu paka anayelegea akibebwa na mtoto huenda anaumia huku amenyamaza.

Na huku kwetu mijini, paka yeyote mwenye manyoya marefu huuzwa kama wa Kiajemi. Bila kuwajua wazazi wake, jina hilo linakueleza habari za manyoya basi. Akikwaruza watoto, anaambiwa ameharibika, anaenda kutupwa sokoni. Hilo linanikera sana.

Mimi ningeitumia sifa ya mbegu kwa jambo moja tu, nguvu zake. Kwenye vyumba viwili vya ghorofani, watu wakishinda kazini, Bengal nisingemchukua. Mengine yote ningeuliza: mama yuko wapi nimwone, baba alikuwaje kwa wageni, na nani aliwashika hawa watoto katika wiki zao za mwanzo. Kwa paka aliyezaliwa nyuma ya jiko la jirani, majibu yako pale pale uani. Mama unamwona anavyokuja akiitwa, dume la mtaa unalijua kama hukimbia watu au huja kulala barazani, na wanaowabeba watoto wake kutwa ni watoto wa jirani.