Cozumel: ununue ziara melini au ushuke ujitafutie?

Meli za kitalii zinazozunguka Karibi hukaa Cozumel, kisiwa cha Mexico, saa chache tu za mchana. Ziara zinazouzwa melini kwa kawaida huzidi bei ya wenyeji, na kwa familia ya watu wanne waliopandia Miami au Galveston, tofauti hiyo inauma.

Wanaotetea ziara za meli wana hoja nzito. Ziara yao ikichelewa, meli hukusubiri, au wakufikishe bandari inayofuata kwa gharama zao. Ukichelewa kivyako, inang'oa nanga. Kwa anayetaka kwenda Tulum, nakubaliana nao kabisa. Magofu yale ya Wamaya yako bara: unavuka kwa kivuko kama dakika 45 hadi Playa del Carmen, unapanda gari karibu saa nzima, kisha unarudia yote. Bahari ikichafuka na kivuko kikasimama, huna ujanja.

Kuna na mtego wa saa. Jimbo la Quintana Roo, lenye kisiwa hiki, lilihamia saa mpya mwaka 2015 na halizibadilishi kiangazi. Majira hayo Miami huwa mbele kwa saa moja. Meli ikibaki na saa za Miami na kutaka watu wote wawe ndani saa kumi na nusu alasiri, saa ya mgahawani kisiwani itaonyesha saa tisa na nusu. Anayefuata simu iliyojirekebisha yenyewe ataikuta gati tupu.

Lakini hofu hii haiwezi kuhalalisha kila ziara. Matumbawe ya Palancar yako kisiwani. Bustani ya Chankanaab nayo, hata San Gervasio, alikoabudiwa mungu wa kike Ixchel. Huko teksi zinafika, na mwenye kuanza mapema anarudi bila kukimbizana na muda. Kwa nini basi ubandikwe namba kifuani, usubiri kundi zima lishuke? Palancar wapiga mbizi huachia mkondo uwabebe, na kwenye mashua ndogo ya mwenyeji anayeujua mkondo ule utaona mengi zaidi.

Isitoshe, pesa unayomlipa yeye inabaki kwake. Ya melini hukatwa kwanza na kampuni. Hili kwangu ndilo zito. Mexico ilipopanga kutoza dola 42 kwa kila abiria wa meli, kampuni zilipinga vikali, na Julai 2025 tozo ikaanza kwa dola 5. Kisiwa kinachopokea mamilioni ya abiria kwa mwaka kinastahili zaidi ya hapo, na malipo ya moja kwa moja kwa mwenye mashua au teksi hayahitaji kusubiri serikali.

Anayesafiri na mzazi asiyeweza kutembea sana ninamwelewa akinunua ziara ya meli hata ya ufukwe wa jirani. Aulize tu kabla ya kulipa: kutoka gatini hadi kwenye basi ni mbali kiasi gani, na ngazi za basi ni ngapi?