Tuwaenzi na hawa wa Malindi

Asante mwandishi kwa makala yako ya kumkumbuka Sergio Vieira de Mello, mjumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Iraq, na wenzake 21 waliouawa kwa bomu Baghdad tarehe 19 Agosti 2003. Mola azidi kuzipa subira familia zao. Lakini naomba tuwataje na wahudumu wa misaada wa kwetu. Mwaka 2023, wakati wa mkasa wa msitu wa Shakahola, ambako mamia ya waumini walikufa kwa kufunga kula, Msalaba Mwekundu waliweka meza pale hospitali ya Malindi kusajili waliopotelewa na jamaa. Nilimwona binti mmoja wa Msalaba Mwekundu kamshika mkono bibi mzee, akingoja mpaka amalize kulia ndipo amuulize jina la mjukuu. Hakumharakisha hata kidogo. Wengi wao hujitolea tu, na jioni hurudi nyumbani na yote waliyoyasikia. Kaunti iwalipie ushauri nasaha, tena wangali hai.